Mume Wangu Amelala kwa Jina Lisilo Lake

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mkulima wa mihogo na maharage wilaya ya Kasulu. Shule niliishia darasa la nne. Nimezoea kusoma mikasa ya wenzangu, na sikudhani kama siku moja ningeandika wa kwangu. Lakini kuna neno moja ambalo nisipoliandika mimi, hakuna atakayeliandika...

Niliolewa na Misago nikiwa msichana wa miaka kumi na minane. Wakati huo alikuwa sentafowadi wa timu ya mjini Kasulu. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, na mabeki walimcheka kabla ya mchezo. Baada ya mchezo hawakucheka.

Binti yetu Stela alipoanza kutembea, alikuja mtu wa timu moja ya Bujumbura. Alimtaka Misago, ila timu hiyo haikuruhusiwa kuongeza mchezaji wa nchi nyingine. Wasomaji wa mbali mnapaswa kujua kwamba Kiha chetu na Kirundi vimekaribiana mno. Muha akikaa Burundi miezi michache, hakuna wa kumtambua.

"Ukifunga mdomo wewe ni Mrundi," yule mtu alimwambia, "na ukiufungua ni Mrundi vilevile. Sasa tatizo liko wapi?"

Wakacheka. Wakamkatia kadi ya mchezaji yenye jina la Nduwimana, mzaliwa wa Ruyigi.

Baba mkwe hakucheka. Aliuliza, "Na mimi nitakuwa baba wa nani?"

"Jina ni la uwanjani tu, baba," Misago akamjibu. "Nikivua jezi, nimelivua."

Wakati mwingine nilikwenda dukani kwa Mzee Salum, mfanyabiashara wa pale mjini mwenye asili ya pwani, maana alikuwa na redio. Tulisikia mtangazaji wa Bujumbura akipaza sauti, Nduwimana amefunga, Nduwimana tena. Wanaume waliokuwa barazani walisema, "Huyu Mrundi ni hatari." Mimi nilikaa kimya na kibaba changu cha chumvi. Mzee Salum peke yake ndiye aliyejua. Alinitazama, akatabasamu. Ni furaha gani hiyo, ya kusikia mumeo anasifiwa na huwezi kusema ni wako?

Kutoka Bujumbura alikwenda kucheza Kigali, na kutoka Kigali akavuka kwenda Bukavu, Zaire. Kila alikokwenda, kadi ilikwenda naye. Ligi ikisimama alikuja nyumbani na vitenge, na kwa siku chache alikuwa Misago tena. Halafu alirudi Bujumbura, timu yake ya kwanza ilipomwita.

Ndipo Burundi ikaingia katika mauaji. Watu walivuka mto kuja Kibondo na Kasulu, wengine wana majeraha, wengine wamebeba watoto wasio wao. Baba mkwe alikwenda kuwauliza. Mmoja akamwambia kwamba wachezaji wa timu ile walipakiwa kwenye lori na hawakurudi.

Tulingoja. Tukapanda, tukavuna, tukapanda tena... Hakuja mtu, hakuja salamu. Mwishowe wazee wakasema msiba ukaliwe. Tulinyoa nywele. Matanga yalipoanuliwa, nikarithiwa na mdogo wake, Daudi, kama ilivyo desturi yetu. Sikukataa. Daudi alikuwa mpole kwangu na kwa Stela, na sitamsingizia.

Mwaka huohuo serikali ikatuhamisha. Tuliacha kilima chetu, nyumba zikabomolewa ili tusirudi, tukapelekwa kijiji kipya cha Rungwe Mpya kando ya barabara. Huko Daudi akachaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Mnaokumbuka mnajua maana yake. Sisi watu wa mashamba hatukuwa na vitambulisho. Neno la balozi ndilo lililokuwa kitambulisho. Akisema huyu ni wangu, wewe ni mtu. Akisema simjui...

Siku moja Daudi aliitwa Kibondo na maofisa. Aliporudi hakugusa chakula. Nilimuuliza kulikoni. Akasema ni mambo ya wakimbizi tu. Nilikuwa mjamzito, nikafikiri amechoka na safari, nikamtandikia alale.

Miaka ikapita. Nikamzaa mtoto wa Daudi, nikamlea.

Kisha Mzee Salum akanitumia ujumbe nifike dukani kwake. Alikuwa ametoka Tabora kwa biashara zake.

"Shikamoo, Mzee Salum."

"Marahaba, Mama Stela. Kaa kwanza."

"Nimekaa mara ngapi hapa? Sema tu, mzee."

"Leo kaa," akasema.

Nikakaa. Akaniambia kwamba katika makazi ya wakimbizi huko Tabora aliona mtu anayechechemea akiwafundisha vijana kupiga mpira. Alimtambua kwa ile miguu. Akamwita, "Misago." Mtu yule akageuka, akaanza kulia.

Haya ndiyo aliyomsimulia Mzee Salum. Siku ile ya lori hakuwa kambini kwa wachezaji. Alikimbilia Zaire, akacheza huko kwa jina lilelile, maana hakuwa na kadi nyingine, na hakuthubutu kupita Burundi kuja kwetu. Goti lilipovunjika, timu ikamwacha. Akaamua kurudi nyumbani hata kama atafia njiani. Alivuka Burundi kwa kujificha, akatokea Kibondo pamoja na wakimbizi. Alipopekuliwa wakakuta kadi ya Nduwimana wa Ruyigi.

"Mimi si mkimbizi, ndugu afisa," alisema. "Mimi ni Muha wa Kasulu."

Afisa alikuwa mtu wa mkoa mwingine. Alicheka. "Hongera. Kila anayevuka mto huu amekuwa Muha. Warundi mmewaacha wapi?"

Misago akataja kilima chetu. Akatumwa mtu kwenda kutazama, akarudi kusema kule hakuna kijiji, kuna magofu na migomba tu. Wakamwona mwongo. Hakujua kwamba tumehamishwa! Angejuaje? Akaendelea kulitaja jina la baba yake mpaka afisa akachoka, akauliza ukoo ule uko wapi siku hizi. Akaambiwa Rungwe Mpya. Ndipo balozi wake akaitwa.

Balozi alikuwa Daudi.

Misago alipomwona mdogo wake akiingia mlangoni, alisimama kwa goti lile bovu na kunyoosha mikono. Afisa akauliza, "Ndugu balozi, unamfahamu huyu?"

Daudi akatazama chini. Akasema, "Simjui."

Wakampandisha kwenye gari la Tabora.

Mzee Salum alisema Misago amekonda na anakohoa sana. Kisha akaanza kufuta mizani yake. Nikamwambia amalize.

"Aliniuliza neno moja," akasema. "Aliuliza, 'Na mama Stela naye alisema hanijui?' Nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu sikujua."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Daudi akichonga mpini wa jembe. Nilimuuliza kwa nini. Hakukana. Aliendelea kuchonga, akasema, "Ulikuwa na mimba yangu. Msiba tulikwisha kuukalia. Ningekurudisha vipi? Na mtoto angemwita nani baba?"

"Alikuwa ndugu yako, Daudi."

"Nilijua. Na sasa kila siku najua."

Sikulala humo tena. Nilimwacha mtoto mdogo kwa mama yangu, nikamchukua Stela, tukapanda basi mpaka Kigoma na treni mpaka Tabora. Njia nzima nilipanga maneno. Nitamwambia sikuulizwa. Nitamwambia hakuna aliyeniita Kibondo, na kama ningeitwa ningekuja nikikimbia. Sikuomba anirudie. Nilitaka tu alisikie hilo kwa kinywa changu.

Tulichelewa... Alikuwa amezikwa kabla hatujafika. Jirani yake, mama wa Kirundi, alitupeleka kaburini huku amenishika mkono. Palikuwa na kibao cha mti. Kimeandikwa Nduwimana.

Stela alisoma kwa sauti, maana yeye ni mwanafunzi. Akaniuliza, "Mama, baba ni yupi hapa?"

Nilikwenda kwa viongozi wa makazi, nikaomba jina libadilishwe. Walinisikiliza vizuri. Wakasema wako tayari, ila nilete uthibitisho wa balozi wa kwao marehemu.

Nilirudi Kasulu. Baba mkwe, ambaye sasa haoni vizuri, alimwita Daudi mbele ya majirani, akamwambia atie mkono wake kwenye karatasi kwamba yule aliyekufa Tabora ni mwanawe. Daudi alilia mbele yetu sote. Kisha akasema, "Nikithibitisha leo, wataniuliza mbona siku ile nilikataa. Nitafungwa, baba." Akatoka. Mzee akabaki ameelekea mlangoni, akingoja arudi.

Hakurudi. Hajatia mkono mpaka leo. Mimi naishi kwetu na watoto wangu wawili, na yule mdogo anamuulizia baba yake. Nimjibu nini?

Vijana mnaocheza mpira, msikubali jina la mwingine hata mkiambiwa ni la uwanjani tu. Mtu anaweza kuivua jezi, lakini jina wanalishika wengine, na siku unapolihitaji la kwako, hulipati. Nanyi mnaoaminiwa kusema nani ni nani, mkiulizwa, semeni. Aibu yenu mtaibeba, lakini mwenzenu atakuwa amefika nyumbani.

Kibao bado kiko vilevile. Basi naandika hapa, kwa kuwa hapa sihitaji balozi. Aliyelala pale Tabora ni Misago, Muha wa Kasulu, baba yake Stela. Mimi ni mke wake, na ninamjua.