Kitunzatanga cha Mhandisi Namsifu

Kitunzatanga kililimeza tanga la mita nane kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anavyovuta tambi. Nyuma ya kioo, mikono unde minne ilichomoa fito zinazolinyoosha tanga, ikalisuuza vumbi la msimu mzima kwa maji safi, kisha hewa kavu ikapita kila pindo. Vihisi vilipapasa kitambaa kutafuta unyevu, kwa sababu unyevu kidogo ukisahaulika, ukungu hulila tanga miezi yote ya kipupwe. Mwisho likaviringishwa kuanzia juu, bila kukunjwa hata mara moja, likaingia mfukoni. Dakika nne tu! Wanachama wa klabu ya mashua wakapiga makofi.

Kila Juni jiji la Nyumba ya Mungu hulifunga ziwa lake ili perege wazaliane kwa amani. Mashua pacha zote, zile ndogo zenye matumbo mawili na tanga moja refu, hupandishwa nchi kavu mpaka baridi iishe. Zamani kutunza tanga kulitaka watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, wakiviringisha kwa mwendo mmoja. Mmoja akivuta zaidi, tanga lilikwenda upande na kazi ikaanza upya.

Mhandisi Namsifu Mshana, aliyekibuni chombo hicho akiwa na miaka sitini na mbili, hakupiga makofi. Alikuwa akitazama mlango. Mwalimu Aikaeli Mlay, mwenzake wa mashua kwa miaka thelathini, hakuwa amefika, na tanga lao alikuwa nalo yeye.

Wawili hao walikuwa watani wa kuzaliwa, Mpare na Mchaga, na utani wao, wa Mchaga mpenda viwanja na Mpare mpenda kesi, ulikuwa hauna likizo. Tanga ambalo wenzao walilimaliza kwa nusu siku, wao liliwachukua siku nzima kwa sababu ya maneno. "Vuta taratibu, Mchaga wewe, hicho si kiwanja cha jirani!" Naye Aikaeli: "Nyamaza, usije ukanishtaki kwa kukukanyagia kivuli."

Mwaka uliopita ndipo Namsifu alipouona mkono wa kulia wa Aikaeli ukitetemeka. Mtani haambiwi pole. Ukiitoa, utani umekufa. Alirudi nyumbani, akawa anajifungia karakanani kila usiku kwa miezi kumi na moja kutengeneza mashine ya kuuficha mkono ule. Aliamini kwa moyo wote kwamba ni zawadi.

Makofi yalipotulia alikwenda kwa Aikaeli. Alimkuta uani, kwenye kivuli cha ukuta, amelitandaza tanga juu ya mkeka. Alikuwa amepiga magoti, anaviringisha ncha moja, kisha anakimbilia nyingine kabla ya ile ya kwanza kufunguka.

"Mzee Mlay, utajiumiza," alisema Namsifu. "Mbona hukulileta klabu?"

Aikaeli hakuinua kichwa. "Unasikia? Mzee Mlay!"

"Nimekosea nini?"

"Mwaka mzima hujanitukana hata mara moja. Unaniuliza nimelalaje. Unanishika mkono kwenye ngazi kama bibi harusi. Daktari aliponiambia ugonjwa huu hauponi, sikuogopa, Namsifu. Niliogopa ulipoanza kuwa na adabu."

Namsifu aliketi ukingoni mwa mkeka. "Mashine niliitengeneza kwa ajili ya mikono yako."

"Najua. Ndiyo maana sikuja." Aliliachia tanga, likafunguka lote. "Siku yangu ikifika, wanangu wanategemea wewe uje uzuie jeneza kama mtani, unichekeshee waombolezaji. Sasa mtu anayenionea huruma ningali hai, atanitania nikifa?"

Namsifu aliona aibu, aibu ya kweli ile inayochoma masikio. Alimpenda mtu huyu kuliko baadhi ya ndugu zake wa damu, na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa amemzika mapema. Akavua viatu, akaenda kupiga magoti upande wa pili wa tanga.

Wakaanza. Mizunguko miwili ilikwenda vizuri. Wa tatu, mkono wa Aikaeli ulitikisika, tanga likaenda mrama. Aikaeli akamtazama. Ndege walikuwa wakilia juu ya ukuta, na yeye akiendelea kumtazama tu, anangoja.

Namsifu aliishika upya ncha yake. Neno lilikuwepo, ila kulitoa kulikuwa kugumu kuliko kazi yote ya ile miezi kumi na moja.

"Mchaga wewe," alisema, "kwa mtikisiko huo wangekutumbukiza kwenye pipa la pombe, ukoroge mbege ya harusi nzima bila mwiko."

Aikaeli alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka akakohoa, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kulikoni. Kisha akajifuta macho kwa mkono wake unaotetemeka, bila kuuficha.

"Umerudi, Mpare," alisema. "Haya, vuta upande wako."