Kadi Asiyoichagua

Krrr, krrr, krrr. Mlio ulitoka juu ya meza, mkavu, wa kukera, kama kuku mwenye mafua.

"Hiyo feni inakufa, kaka," sauti ya mwanamke ikasema. "Izike mapema."

Fundi wa kompyuta, aliyekuwa amejikunja chini akitafuta bisibisi, alinyanyuka kwa hasira na kugonga kichwa mezani. Soko la vipuri lilifurika watu, wanaosukumana na kubishana bei, lakini alipoinua macho hakumwona mwingine ila yeye. Gauni la njano lililomkaa kama amezaliwa nalo, futi ya kupimia nguo shingoni, na tabasamu la mtu aliyezoea kushinda.

"Dada, umekuja kununua au kunitania?"

"Vyote viwili, kama bei ni moja."

Alikuwa mshonaji. Kwa muda mrefu alicheza mbio za magari kwenye kompyuta za kukodi, na sasa mashindano yalikaribia. Alitaka mashine yake mwenyewe, ya pesa kidogo. Wakaanza kuchagua. Prosesa ya mtumba, ila imara. Memori mbili za aina moja. Fundi akamwonyesha kasha lenye taa za kila rangi.

"Taa zitaniendeshea gari?"

"Hapana."

"Basi ziwaangazie matajiri."

Walipofika kwenye kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, mshonaji alichagua ndogo.

"Kadi kubwa inakula umeme mwingi, na pawa saplai niliyoimudu ya kuulisha ni dhaifu," alisema. "Koti zito halishonwi kwa uzi mwembamba."

Fundi alibaki kinywa wazi. Amekwisha kwa mapenzi!

Kazi ya siku moja aliivuta wiki mbili, maana kila skrubu ilidai simu yake.

"Halo, mshonaji wangu. Nimefunga feni."

"Jana pia ulifunga feni."

"Ya jana ilikuwa inakusalimu tu."

"Muongo wewe! Na ya leo?"

"Ya leo inauliza kama umekula."

Mshonaji alicheka, na kicheko kile kikampanda fundi kichwani kuliko pombe. Akaitazama ile kadi ndogo, akaona aibu. Mpenzi wake yeye, fundi anayesifiwa soko zima, acheze na kidude hiki? Akafungua mashine yake mwenyewe, akang'oa kadi yake kubwa, aliyoipata kwa kujinyima, akaifunga kwenye ya mshonaji. Pawa saplai je? Kila siku aliwaonya wateja juu ya jambo hilo. Leo akajisemea, "Itabeba tu." Wala hakumwambia mwenye mashine alipomkabidhi. Alitaka kwanza ashinde, ndipo amshangaze.

Siku ya mashindano fundi alizongwa na wateja dukani. Simu ikalia.

"Mashine imezima! Mzunguko wa mwisho, naongoza, ikazima tap! Wote wamenipita."

"Angalia waya. Labda umechomeka vibaya." Kiburi kilijibu kabla ya moyo.

Simu ikawekwa mezani. Kisha ikasikika skrubu ikifunguliwa, na pumzi ikivutwa.

"Hii siyo kadi niliyoichagua. Umenibandikia kitu kibovu, halafu kosa langu?"

Simu ikakatika. Alipiga tena na tena, haikupokelewa. Nyumbani alimsimulia mama yake, aliyekuwa akipiga pasi.

"Lakini mama, nilimpa kilicho bora!"

"Ulimpelekea wema kama mwizi, mwanangu, bila hodi." Mama hakuinua hata macho. "Nenda. Na kiburi chako ukiache hapo mlangoni, nitakilinda."

Kesho yake alifika kwenye chumba cha ushonaji, kadi ndogo mkononi. Vyerehani vya mshonaji na wenzake vilikuwa vikinguruma, vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni. Mshonaji, kilemba cha bluu kichwani, hakuacha kushona.

"Umefuata nini?"

"Ile kadi si mbovu. Ni yangu, niliitoa kwenye mashine yangu. Pawa saplai ndiyo iliyoshindwa, na nilijua inaweza kushindwa. Hukuchomeka vibaya chochote. Nisamehe."

Cherehani kikasimama. "Yako? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ushinde."

"Na ningeshinda, angekuwa ameshinda nani? Mimi, au wewe?" Macho yake yalilengwa na machozi. "Nilichagua kila kipande kwa akili yangu, nikajivuna. Wewe ukaona sijui."

Fundi akainamisha kichwa. Alikuja na maneno matamu ya kujitetea, akayaacha yote.

"Nilikosea. Ulichagua sawasawa kuliko mimi."

Mshonaji akafuta macho. Kisha akavuta mashine kutoka kwenye kona, akanyoosha mkono.

"Bisibisi. Nafunga mwenyewe, wewe shika tochi."

Akang'oa kadi kubwa, akafunga ile ndogo yake, akawasha. Kwenye skrini gari jekundu likaruka barabarani, likakata kona, likaenda bila kusita. Akajiuma mdomo kuzuia tabasamu, likamshinda.

"Msimu ujao naingia tena," alisema. "Na wewe nikufanyeje?"

"Unavyotaka, mpenzi."

"Basi niahidi. Kwa sauti, hawa wenzangu wasikie."

Vyerehani vyote vikanyamaza. Masikio ya fundi yaliwaka moto, lakini alisimama wima, akamtazama machoni.

"Nakuahidi, mshonaji wangu, mbele ya hawa wote: sitakuchagulia tena jambo lolote kwa siri. Nitakuuliza. Na ukisema hapana, itakuwa hapana, hata kama mimi ndiye fundi."