Nani Anamsuka Pipi

Jioni ile Mama Pipi alitoka wodini kwenda kuchukua maji ya moto, chupa mkononi, kandambili zikimpigia kelele sakafuni. Hakukawia hata dakika kumi. Aliporudi, mtoto alikuwa amesukwa mistari miwili.

Jamani, miwili! Na yeye alimwacha nywele timtim.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Bibi."

Pipi alikuwa na miaka minne. Siku ya tisa hiyo kitandani, homa inapanda jua likizama, miguu imelegea hata kusimama hawezi. Damu imepimwa, picha zimepigwa, daktari anakuna kichwa tu. Nesi naye aliapa: hakuna bibi yeyote aliyepita mlangoni.

Sasa, Mama Pipi ni msusi. Mkono wa mtu kwenye nywele anaujua kama wewe unavyoijua sauti ya nduguyo. Mistari ile ilianzia kisogoni kuja mbele, ncha zimefungwa fundo mara mbili. Ilinukia mafuta ya nyonyo...

Mkono wa mama yake.

Mama yake aliyezikwa miaka sita iliyopita, kabla ya harusi, mumewe hakuwahi kumwona. Na huyo bibi alikuwa na lake moja: mtu wake hasafiri na nywele timtim. Atakukalisha, atakusuka, akimaliza ujue safari imeiva.

Mama Pipi alifumua yote. Kesho yake hakutoka kabisa. Alisinzia kidogo tu, kashika mkono wa mtoto. Alipozinduka, mistari minne. Akafumua. Keshokutwa, sita...

"Mama, nakuomba," alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Sina mwingine. Niachie huyu."

Harufu ya nyonyo tu.

Hakumwambia mumewe. Angeanzia wapi? Fundi viatu yule, asichokigusa hakiamini, angemcheka. Kosa lake likawa hilo.

Siku ya kumi na mbili, baba mtu akiwa amekuja kuwaona, daktari alimwita mama ofisini, kumweleza kwamba bado hawajaona kitu.

"Usibanduke hapa," Mama Pipi alimwambia mumewe.

"Niende wapi, mama?"

Na kweli hakubanduka. Mkewe aliporudi alimkuta anatabasamu, mara ya kwanza tangu mtoto alazwe.

"Mwone mwanao alivyopendeza! Kapita mama mmoja mtu mzima, mpole huyo! Kaniuliza, 'Nimmalizie?' Nikamwambia malizia tu, mama, mtoto anatia huruma."

Kichwa kizima. Hakuna unywele uliosimama.

"Akasemaje?"

"Eti, 'Ahsante, mkwe wangu.' Nikacheka..." Akamgusa Pipi shavuni. Akamgusa tena.

Tabasamu likamtoka.

Walimzika kesho yake. Mpaka leo, wakikaa wawili, baba yule huuliza, "Ningekataa, angetuachia mtoto?"