Vidonge vya Kapiteni Buhendwa

Kila Jumapili asubuhi, wanaume wa Kamembe walioanza kuota mvi hucheza mpira. Wanajiita maveterani. Hamdani, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, ni beki wao. Ana miaka arobaini na tisa na kitambi cha kutosha. Wiki nzima anainama kazini, kisha Jumapili anakimbia kama kijana wa miaka ishirini. Jumatatu mapaja yanamuuma hata kuchuchumaa ni shida.

Kuumwa huko si kosa. Kosa lilikuwa desturi ya ekipi yao, yaani timu. Kabla ya mechi walipanga mstari. Kapiteni wao, Buhendwa, alipita na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake hamkuwa na maziwa, mlikuwa na diklofenaki, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe. Kila mchezaji alipewa vidonge viwili. Alimeza bila kula kitu, maana hakuna aliyetaka kukimbia na tumbo lililojaa chai. Baada ya mechi waligawiwa vingine vya kwenda navyo nyumbani.

Buhendwa si daktari. Anauza magodoro. Lakini watu wazima, wenye wake na watoto, walimnyooshea mkono kama watoto wanaogawiwa pipi. Nikiukumbuka mstari ule, niliokuwa nikiutazama kutoka pembeni mwa uwanja, hasira inanipanda mpaka leo.

Jumanne moja Zulaikha, mke wa Hamdani, alimpelekea mumewe chakula kazini. Alimkuta ameshika ukuta, anayumba.

"Papa Mutoni," alimwita kwa jina la mtoto wao, "uko na nini?"

"Kizunguzungu tu. Tumbo inaniunguza. Na choo... tangu siku tatu inatoka nyeusi."

"Nyeusi namna gani?"

"Sawa lami."

"Siku tatu! Na unanyamaza? Batoto nitabaambia nini, baba yao alikufa juu ya kuona haya?"

Aliacha chakula pale pale, akasimamisha pikipiki mbili, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea anaitwa Mukakalisa. Alimpima Hamdani, akatazama macho yake yaliyopauka, akamuuliza anatumia dawa gani. Hamdani alimwambia.

"Bidonge ngapi?"

"Mbili mbele ya mechi. Kisha mbili asubuhi na mbili jioni, mpaka maumivu iishe."

"Nani alikuandikia?"

"Kapiteni."

"Kapiteni wa nini?"

"Wa mpira."

Mukakalisa aliweka kalamu mezani kwa nguvu.

"Papa, sikia muzuri. Ile choo nyeusi ni damu. Hii dawa imechubua tumbo yako, na tumbo iko inatoka damu ndani. Hapa siwezi kukutunza. Unaenda hospitali sasa hivi."

Hospitalini Hamdani aliongezewa damu. Alilala siku tano. Daktari alimwambia Zulaikha kwamba kama wangengoja siku nyingine mbili, angekuwa anazungumza na mjane. Zulaikha hakulia. Alikasirika. Alirudi kwa Mukakalisa.

"Niambie, Maman. Muntu akicheza na mwili ikamuuma, afanye nini?"

"Kwanza asiogope. Misuli ikifanya kazi yenye haikuzoea, inauma. Siku ya pili inazidi, kisha inapungua. Mbele ya juma moja inaisha yenyewe. Atembee polepole, anywe maji, alale muzuri, aoge maji ya moto kama anapenda. Dawa haiponyeshe misuli, inapunguza tu maumivu."

"Kwa hiyo isikunywewe hata kidogo?"

"Muganga wa hospitali anaweza kuitoa, kidogo, kwa siku chache, na muntu akule kwanza. Lakini si mbele ya mechi. Unatoka jasho, maji inapungua mu mwili, na ile dawa inaumiza mafigo. Na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa mafigo ao wa tension, ile presha ya damu, maman mwenye mimba, bote baulize muganga kwanza. Na mkojo ikikuwa ya rangi ya kahawa nyuma ya mazoezi, ao choo ikikuwa nyeusi, asingoje kesho."

"Hayo maneno utayasema Jumapili," Zulaikha alisema. "Pale uwanjani."

Jumapili Zulaikha na Mukakalisa walifika uwanjani wakati mstari umekwisha kupangwa. Zulaikha alipita katikati ya wanaume na kusimama mbele ya Buhendwa.

"Papa, funika hilo kopo."

"Maman, hii ni mambo ya banaume. Mie minakunywa hii dawa miaka kumi, na niko muzima."

"Bwana yangu amelala hospitali na damu ya muntu mwingine mu mishipa! Hii si mambo ya banaume, ni mambo ya makaburi!"

Hakuna aliyecheka. Mukakalisa alieleza yote, kisha akauliza: "Nani kati yenu tumbo inamuunguza, ao anaonaka choo nyeusi?"

Walitazama viatu vyao.

"Munaona haya?" Zulaikha alipaza sauti. "Naye aliona haya. Karibu nimuzike!"

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Ukafuata wa pili. Wa tatu ulikuwa wa Buhendwa mwenyewe.

"Tangu mwezi wa tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Bibi yangu hajui."

Hakukuwa na mechi siku ile. Wote watatu walikwenda kupimwa. Buhendwa alikutwa na kidonda tumboni, akatibiwa, sasa anakula bila kujikunja.

Ekipi bado inacheza. Wanakunywa uji mapema, wanapasha mwili moto dakika kumi na tano, na Jumatatu wanatembea taratibu huku wakilalamikia mapaja yao. Mstari wa vidonge haupo tena.

Hamdani amerudi kazini, lakini bado hana nguvu. Buhendwa alikuja nyumbani kuomba msamaha, ameshika kofia mkononi. Zulaikha alimpa kiti na chai.

"Msamaha utaupata," alimwambia, "siku bwana yangu atabeba mlango peke yake."

Wiki hiyo yote, Buhendwa alifunga duka lake la magodoro saa kumi alasiri, akaenda kumbebea Hamdani milango.