Bunduki ya Bei ya Kutupa

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, humu hamna hata neno moja la uongo.

Simu ililia saa tatu asubuhi.

"Nge?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Land Cruiser nyeupe. Majangili watatu na shehena ya pembe. Wamemteka askari wa wanyamapori, wamemfunga kamba, wamemlaza nyuma ndani ya gari. Ni kaka yako. Saa sita wanavuka daraja."

"Wakivuka?"

"Ng'ambo si kwetu. Hatutampata tena."

"Nahitaji bunduki."

"Ya kwetu iko stoo, na mtunza stoo kaenda likizo na funguo. Nimekununulia ya mtumba. Ya kuwindia. Bei ya kutupa."

Simu ikakatika.

Nge, jasusi aliyetoroka jela mbili kwa kijiko kimoja, aliilaza ile bunduki mezani kwa fundi. Fundi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeungwa kwa waya. Akachungulia ndani ya mtutu.

"Mwanangu, umeuziwa fimbo."

Kutu. Kitako kimepasuka. Darubini inacheza kama jino bovu.

"Itapona, mama?"

"Kupona haiponi. Tutaibembeleza."

Wakamimina maji ya moto mtutuni, yakatoka mekundu. Wakasugua kwa brashi ya shaba. Mama akapaka gundi kwenye ufa wa kitako, akakibana kwa jiliwa, akakaza skrubu za darubini mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Gundi hii inataka siku nzima."

"Nina saa moja."

"Basi usije ukasema sikukwambia."

Risasi zilikuwa nne. Waliegemeza ubao nyuma ya karakana. Ya kwanza ilikwenda kushoto. Wakarekebisha darubini. Ya pili, kushoto zaidi. Ya tatu ilitoboa ndoo ya jirani.

Mama akakipapasa kitako. "Bado mbichi. Kila ukipiga, mbao inahama, inausukuma mtutu. Hapa hakuna cha kurekebisha tena, mwanangu. Utakisia tu."

Imebaki moja.

Saa sita kasoro dakika tano, Nge alikuwa kifudifudi juu ya kilima. Chini, daraja. Mbali, vumbi.

Land Cruiser.

Nyuma ndani yake, mtu kajikunja. Shati la kaka yake.

Redio ikakoroma. "Nge, unawaona?"

"Nawaona."

"Utaweza?"

Akalenga hatua mbili kulia kwa tairi. Akabana pumzi.

Paa!

Kitako kikavunjika begani vipande viwili. Tairi la mbele kulia likapasuka, gari likachepuka kushoto, likabamiza nguzo ya daraja, likanyamaza. Majangili wakatoka, mikono juu. Nge akavaa miwani ya jua, akateremka taratibu, akamfungua kaka yake kamba.

"Umekula?" akamwuliza.

Nilipofika hapo katika kusimulia, benchi zima la kinyozi lilipiga makofi. Isipokuwa mzee mwenzangu mmoja, dereva wa malori mstaafu.

"Bwana wee, hebu rudia. Tairi la kulia limepasuka, gari likaenda kushoto?"

"Ndiyo."

"Nimeshika usukani miaka arobaini. La kulia likipasuka, gari linavuta kulia. Hilo tairi halikupasuka."

Mkasi wa kinyozi ukasimama.

Sheria ya benchi letu ni moja: ukishikwa, unawanunulia wote chai, halafu unasema kweli. Nikaagiza chai.

"Haya," dereva akasema, safari hii kwa upole. "Risasi ilikwenda wapi?"

"Kushoto."

"Na gari?"

"Lilivuka, na kaka yangu nyuma."