Mteja Asiye na Mabega

Jumapili kinyozi hufunga kibanda chake mapema. Anafagia nywele, anazima mashine, anachukua taulo safi kwenye kamba, halafu anaita: "Maswali, twende." Maswali ni binti wa kaka yake, ana miaka kumi na moja, na jina hilo alilipata kihalali kabisa.

Wanashuka mpaka kwenye shimo la zamani la kokoto. Kokoto ziliisha, mvua ikalijaza shimo, sasa ni bwawa. Na bwawa lenyewe, ukilitazama tu, unasahau ulichofuata. Mawingu yako chini, anga iko chini, upepo ukipita vyote vinakunjamana kama shuka. Macho yanakuwa mazito, hujui kama umelala au uko macho.

Hawavui ili wale. Wanavua basi tu, raha. Kinyozi anamvuta samaki, Maswali anampokea kwa taulo kavu asiteleze, wanamsifia, wanamrudisha. Kuna perege mmoja mkubwa, mdomo umechanika upande, amenaswa mara nyingi mpaka wakampa jina: Mteja.

"Karibu tena, bosi," kinyozi humwambia. "Leo tunapunguza pembeni tu?"

Maswali hucheka mpaka mbavu zinamuuma. Wiki nzima anakisubiri kicheko hicho, maana baba mdogo ndiye mtu mzima pekee ambaye hajawahi kumwambia anyamaze.

Jumapili moja Mteja akanaswa tena. Maswali akampokea, akafunua taulo, akatulia. Ubavuni mwa samaki kulikuwa na madoa meupe, kama pamba iliyoloa. Manne yamepangana, la tano limejitenga. Akaviweka vidole vyake juu ya madoa hayo, bila kugusa. Vikalingana.

"Baba mdogo, huu ni mkono wangu."

"Mkono gani tena?"

"Mwalimu wa sayansi alisema ule ute wa samaki ndio unaomkinga na magonjwa. Taulo kavu linaufuta. Mimi ndiye niliyemfuta."

Kinyozi akakuna kichwa. "Aa, samaki hasikii kitu huyo. Angekuwa anaumia, angerudi kila wiki?"

"Labda ana njaa."

Maswali akaona kabisa kwamba akiendelea ataiharibu Jumapili, pengine Jumapili zote. Lakini samaki alikuwa mikononi mwake, anatweta.

"Mteja wako akiumia pale kitini, unajuaje? Wengine si hawasemi?"

"Mabega. Yanapanda."

"Huyu hana mabega, baba mdogo."

Kinyozi akafungua mdomo acheke, kicheko kikagoma. Akainama, akamtazama yule samaki kama anavyomtazama mtoto anayenyolewa mara ya kwanza. Mapezi ya mgongoni yamesimama. Mwili umekakamaa. Mashavu yanafunguka na kufungika, haraka haraka.

"Mshushe majini," akasema taratibu. Akalowesha mikono, akaichomoa ndoano humohumo ndani ya maji, kama anayetoa kibanzi kwenye kidole cha mtoto. Mteja akaelea kidogo, kisha akazama katikati ya mawingu.

Njia nzima ya kurudi kinyozi alitangulia mbele. Wiki nayo ikajivuta. Maswali alijua Jumapili zao zimekwisha.

Jumapili ikafika. "Maswali, twende." Kinyozi hakubeba ufito wa kuvulia wala taulo, alibeba makombo ya mkate tu mfukoni. Wakalala kifudifudi juu ya jiwe, wakatazama maji. Wakafanya hivyo Jumapili nyingi, mpaka siku moja Mteja akapanda juu, mkubwa, mvivu, kama ndoto inayojirudia. Madoa yalikuwa yamefifia.

"Na ule mdomo?" Maswali akauliza.

"Ule ndio basi tena." Kinyozi akarusha makombo majini. "Sikiliza, mwanangu. Anaumia kiasi gani, sijui. Wasomi wenyewe bado wanabishana. Kosa langu ni kwamba nilikuwa sijui, nikachagua jibu linalonifurahisha mimi. Siku tukihitaji kitoweo tutavua samaki, tutamuua haraka, tutakula na kushukuru. Lakini kumtoboa kiumbe mdomo ili sisi tucheke, hapana. Kama huna uhakika kwamba mwenzako haumii, ishi naye kama anayeumia."

"Sasa tutachekea nini?"

"Wewe si upo? Haya, uliza."

Maswali akaanza kuuliza. Chini yao mawingu yaliendelea kupita, na Mteja ndani yake.