Picha ya Arobaini

Dullah alikuwa ametoweka.

Watalii sita walishuka kwenye Coaster kutazama jengo la pili. Waliorudi walikuwa watano. Kofia ya Dullah ilibaki juu ya kiti chake.

Mwanahija alifungua simu yake ya Motorola.

"Mwanafunzi hayupo darasani."

Upande wa pili, bosi wake Rahim aliuliza: "Alishakuonyesha mwalimu?"

"Bado. Alikuwa anionyeshe leo."

"Basi mtafute mwenyewe. Meli imeshatoka bandarini."

Simu ikakatwa.

Ilikuwa Aprili 1999, Guangzhou, China, mchana wa mawingu mazito na joto la kunata. Kwenye orodha ya ziara, Mwanahija Shaame alikuwa mhadhiri wa usanifu majengo kutoka Dar es Salaam. Kwa kweli alikuwa ofisa wa usalama. Kwenye simu zao za mafumbo, mwanafunzi ni Dullah, Mzanzibari anayenunua viatu soko la Zhanxi. Mwalimu ni mtu ambaye Dullah peke yake alimjua kwa sura.

Mtu huyo alikuwa ndani ya basi hili. Alibeba hati halisi ya kupokelea kontena mbili za sindano za malaria. Ndani ya vichupa vya dawa hiyo mlikuwa na maji ya chumvi tu. Mwenye hati ndiye angezitoa kontena bandarini Dar.

Shehena ya kwanza ilikuwa imeshamuua mtoto wa dada yake Dullah. Ndiyo maana alikubali kusema.

Jengo la tatu lilikuwa nyumba ya wageni ya mwaka 1963, ghorofa tano, imefungwa ikisubiri ukarabati. Ilisimama juu ya nguzo nyembamba za zege. Upande mzima wa mbele ulikuwa ukuta wa matundu, wa kuzuia jua na kupitisha upepo. Chini yake kulikuwa na bwawa la maji ya kijani, yaliyotulia.

Mzuri, ukuta ule. Na mtu angeweza kukutazama kutoka nyuma yake usimwone.

"Nilikuwa kijana nilipouchora," alisema kiongozi wa ziara, Bwana Luo, mzee mwembamba mwenye bonge la funguo kiunoni. "Kila tundu nililipima kwa rula."

"Na wafanyakazi walipandia wapi?" aliuliza Mwanahija.

"Ngazi zao ziko nyuma ya ukuta huo huo. Wageni hawakutakiwa kuwaona."

Klik.

Thomas, Mzungu mwenye mvi aliyejitambulisha kama msanifu, alipiga picha nyingine kwa Leica yake.

Mwanahija alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu. Hiyo ilikuwa picha ya arobaini. Filamu ya kamera ile huishia thelathini na sita, ikizidi sana thelathini na nane. Na Thomas hakuwa ameifungua kamera tangu asubuhi.

Haikuwa na filamu.

"Madame," Thomas alimwambia Denise, mfanyabiashara wa Lubumbashi, "nipige moja hapa."

Denise aliipokea. Hakupiga picha yoyote. Aliitumbukiza ndani ya mkoba wake mpya wa ngozi.

Hapo ndipo sauti ilipotoka juu.

Du. Du. Du.

Kitu kizito kinagonga chuma. Watalii wawili wa Kijapani, mzee na mkewe, walitazamana. Thomas alitazama juu, kwenye tangi la maji la paani. Kisha akaanza kupanda ngazi kuu, taratibu, mkono mfukoni.

Denise naye alishaelekea getini.

Hati chini, ndani ya kamera. Dullah juu.

"Bwana Luo, funga geti. Asitoke mtu. Ita polisi."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu anauawa kwenye jengo lako."

Mzee hakuuliza tena. Alikimbia, funguo zikilia.

Mwanahija alinyakua stendi ya chuma ya kamera yake, ya miguu mitatu, akapita nyuma ya ukuta wa matundu. Ngazi zilikuwa nyembamba na zenye utelezi. Ghorofa ya pili. Ya tatu. Kupitia matundu alimwona Thomas upande wa pili, akionekana vipande vipande kwenye mwanga. Mkono ulikuwa umetoka mfukoni. Ulishika bastola ya Makarov.

Ya nne.

Sauti ilikuwa inafifia. Du. Kimya. Du.

Alifika paani akiwa mbele kwa hatua kumi. Akajibanza pembeni ya mlango.

Mlango ulifunguka. Aliishusha stendi ile ya chuma kwenye kifundo cha mkono wa Thomas kwa nguvu zake zote. Mfupa ulilia. Bastola ikaruka ukingoni, ikatumbukia bwawani.

Pigo la pili lilimlaza chini.

"Huna mamlaka nchi hii," Thomas alikoroma.

"Sina," alisema Mwanahija, akimfunga bombani kwa mkanda wake mwenyewe. "Wenye mamlaka wanakuja."

Alifunua tangi. Ndani, maji yalimfika Dullah kidevuni. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa selotepu ya maboksi. Uso wote damu.

"Watu wake walinileta kwa gari kabla yenu. Nilisikia basi, Bi Mwanahija," alinong'ona. "Mikono sina. Nikagonga kwa kichwa."

Alimshusha ghorofa tano begani. Bibi wa Kijapani alikaa sakafuni bila kuambiwa, akakipakata kichwa cha Dullah.

Denise alikuwa analitikisa geti. "Fungueni! Nina ndege, mon Dieu!"

"Kamera, mama Denise."

"Mimi nilinunua dawa tu. Kama watu wote!"

"Dawa gani? Maji ya chumvi?"

Denise aliufungua mkoba. Akaitoa Leica. Mwanahija aliifungua. Mahali pa filamu palikuwa na karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama stempu.

Mwanahija alimsomea Rahim kwa simu namba mbili za kontena. Alisoma mara mbili.

"Zitapokelewa," alisema Rahim. "Na sisi. Mwanafunzi?"

"Yu hai."

"Ondoka kabla ya polisi."

Alimwinamia Dullah. "Twende. Naweza kukutoa hapa."

"Mie nabaki," alisema Dullah. "Nataka wanisikilize. Na nataka nimwone akitiwa pingu."

Ving'ora vilikuwa vimeshafika kona ya barabara. Bwana Luo alifungua geti. Mwanahija alitia hati ndani ya sidiria, akafunga mtandio vizuri, akatoka nje kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.

Askari walimpita wakikimbia. Mmoja alimgonga bega, akageuka kumwomba radhi.

Mwanahija alimwitikia kwa kichwa, akavuka barabara.